Nilivyoihamisha Jirani Kwenda Kitochini

Jumatatu, 3 Juni

Baridi, na upepo wa kukata masikio. Nimefungua kibanda changu cha ufundi simu saa mbili. Mpaka saa nne wateja watatu: wawili wa kuchaji, mmoja dereva wa lori aliyeuliza choo kiko wapi. Ng'ambo ya barabara Benson alikuwa ameshafungua cha kwake na kutundika cheti. Kozi ya ufundi simu, miezi sita, Dodoma. Kila asubuhi anakifuta vumbi huku ananitazama mimi.

Saa nne akaingia Mzee Ezekieli wa kwaya yetu, mwimba besi. Nikamwamkia, nikampa kigoda. Akatoa kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, kimefungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Hakijaharibika. Ana neno tu.

Mzee Paulo alizikwa wiki iliyopita. Tangazo liliwekwa kwenye kundi la kwaya, ndani ya Jirani, ile app ambayo sasa Shelui nzima inaitumia kuzungumza. Wenye simu janja wote walifika mazishini. Mzee Ezekieli alikuwa nyuma ya nyumba yake anapiga alizeti. Habari alizipata siku ya tatu, kwa mama muuza maziwa.

"Nimeimba naye besi miaka thelathini na moja," alisema. "Nimekosa kumtupia udongo."

Simu janja hataki. Alishajaribu ya binti yake. Vidole vyake vina sugu za jembe, kioo hakivisikii. Anachouliza ni kimoja: Jirani inaweza kuhamishwa ikaingia kwenye kitochi? Alishamuuliza Benson. Benson alimwambia haiwezekani.

Mpaka hapo nilikuwa najiandaa kusema haiwezekani. Niliposikia Benson kasema hivyo, nikajikuta nasema aniachie kitochi, aje Jumatano.

Jumanne, 4 Juni

Njia ya kwanza: memori kadi. Nimeichukua Jirani kutoka simu yangu, nikaiweka kwenye kadi, nikaichomeka kadi kwenye kitochi cha Mzee. Kitochi kikaandika kwamba faili halitambuliki. Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Bado hakiitambui.

Njia ya pili: nimepata mtandaoni faili linalodai ni Jirani ya simu zote duniani. Nikaliingiza. Kitochi kikazima, kikawaka, kikageuka Kichina. Maandishi yote. Hata sauti. Saa sita binti yake Mzee alipompigia, simu ikamtangaza kwa Kichina, kwa ukali, mpaka wateja kwenye mgahawa wa dada yangu wakaacha kula.

Nimekirudisha kwenye Kiswahili baada ya kuhangaika saa tatu nzima. Nilitafuta kitochi kingine kama hicho, nikawa nahesabu vitu kwenye menyu kimoja kimoja.

Dada Asnath aliniletea chapati na swali. Kwa nini nisimwambie tu Mzee kwamba imeshindikana? Nilimjibu kwamba mafundi wakubwa hupitia kipindi kama hiki. Akasema mimi nimekuwa kwenye kipindi hicho tangu darasa la nne.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata. Nimepata kabisa.

Nilikuwa namtazama Mzee akija kwa mbali na fimbo yake, na mimi sina kitu mkononi. Macho yakaenda kwenye rafu. Simu janja za wateja zinazosubiri vipuri. Ya Agnes wa duka la dawa ipo, kioo kimepasuka lakini inafanya kazi. Nikaweka Jirani humo, nikaandika namba ya Mzee. Namba za uthibitisho zikatumwa kwenye kitochi chake, ambacho kilikuwa mfukoni mwangu. Nikazijaza. Mzee Ezekieli akazaliwa upya ndani ya simu ya Agnes.

Halafu nikachukua kitochi chake, nikahifadhi laini yangu ya pili kwa jina JIRANI. Basi. Kundi likisema kitu, mimi nakisoma kwenye simu ya Agnes, namtumia kwa ujumbe wa kawaida. Yeye akimwandikia JIRANI, mimi naandika kwenye kundi. Kwake yeye app imeingia. Na kweli imeingia, ila mtambo wake unakula chapati.

Nilimkabidhi. Akaandika kwa dakika kumi: "Mimi Ezekieli nipo." Nikageuka ukutani kama natafuta bisibisi, nikaiweka kwenye kundi. Watu arobaini na tatu wakaweka picha za makofi. Nikamtumia: "Mikono inapiga makofi, arobaini na tatu."

Kitochi kililia. Alisoma mara mbili. Akavua kofia, akaishika kifuani. Mimi nikafuta kioo cha simu ya Agnes mara tatu. Vumbi la barabara hii.

Alhamisi, 6 Juni

Habari zimeenea kama moto wa nyasi. Wazee sita zaidi wamekuja, kila mmoja na kitochi chake. Mama Rahabu wa soprano alifika kabla sijafungua, akanikuta na mswaki mdomoni.

Sasa ni saba. Simu saba kwenye benchi, nyingine za wateja, mbili zangu mbovu nilizozifufua. Kila moja nimeibandika utepe na jina: EZEKIELI, RAHABU, na wengine. Kitambaa juu, watu wasione.

Saa tisa alipita Eliana, katibu wa kwaya. Alisimama mlangoni akasema nimefanya jambo kubwa kwa wazee. Alisema mara mbili. Mara ya pili alinitaja jina, "Festo". Nilipoenda kula kwa Asnath nilimaliza sahani mbili za ugali na dada akaniuliza kama naumwa.

Benson alisimama mlangoni kwake mikono kiunoni. Muda mrefu. Cheti hakukifuta.

Ijumaa, 7 Juni

Sikujua kwamba kwaya inaongea kiasi hiki. Ujumbe mia mbili na kumi mpaka mchana. Picha nazielezea kwa maneno: "Mtoto amekaa kwenye beseni." Vikaragosi pia: "Uso unaocheka mpaka unalia." Mzee Ezekieli aliuliza uso wa nani.

Balaa ni sauti. Tarehe kumi na tano tunaimba kwenye tamasha la kwaya Kilimatinde. Philipo, mwalimu wa kwaya, amerekodi kila sauti peke yake na kuiweka kwenye kundi ili watu wajifunze. Kitochi hakipokei. Ikabidi niwapigie wazee mmoja mmoja, niwaimbie. Besi niliiweza. Tena, sikatai, niliipendezesha. Halafu mama wawili wa soprano. Nikabana pua, nikapanda juu. Madereva wawili walishuka kwenye malori yao kuja kuangalia.

Mama Rahabu ameandika kwa JIRANI kwamba app ni nzuri ila ina mafua.

Jumapili, 9 Juni

Leo nimefanya jambo la hekima. Naliandika lisije likasahaulika.

Baada ya mazoezi Mzee Ezekieli aliandika: "Mwambieni Philipo ngoma zake zinaua wimbo. Kanisa si disko."

Kidole kilikuwa juu ya kioo. Nikafikiri. Philipo ni kijana mwenye moyo laini. Philipo pia ni kaka yake Eliana. Na ujumbe ukihama kutoka simu ya aina moja kwenda nyingine, hauwezi kufika vilevile. Lazima upoteze kidogo na uongezeke kidogo. Nikaandika: "Mwalimu, ngoma zako zimeuamsha wimbo. Ubarikiwe."

Dakika mbili tu, Philipo akatuma sauti. Alikuwa karibu kulia. Alisema tangu achukue kwaya hajawahi kusikia neno jema kutoka kwa Mzee Ezekieli, na kwa furaha hiyo ubeti wa pili Mzee ataimba peke yake.

Nikampigia Mzee, nikamfikishia. Akakata simu. Halafu akaandika: "Kumbe huyu kijana anasikia akiambiwa ukweli."

Wote wawili wana furaha. Nani mwingine katika wilaya hii amefanya hivyo kwa simu mbovu?

Jumatatu, 10 Juni

Kura ya sare za kuvaa Kilimatinde. Wazee wanataka majoho meupe ya siku zote. Eliana na vijana wanataka vitenge vya njano. Eliana alipita kibandani, akasema kwa unyonge kwamba kura za wazee ndizo zinamtia hofu.

Nilikusanya kura za benchi langu. Majoho wanne, vitenge wawili, na mmoja aliuliza tunachagua mwenyekiti gani.

Nikaweka kwenye kundi: njano, saba.

Wazee niliwajulisha kwamba vijana wameshinda kwa wingi. Wakapokea kwa unyenyekevu. Mama Rahabu aliandika kwamba Mungu ndiye ajuaye. Eliana aliniletea ndizi mbivu tano. Nimekula tatu. Mbili natunza, ingawa sijui kwa nini.

Jumatano, 12 Juni

Agnes amekuja kuchukua simu yake. Kioo kilifika jana, nimeshakifunga, simu inang'aa. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba humo ndani yupo Mzee Ezekieli. Agnes alikuwa ameshaiweka kwenye pochi nilipomwambia gundi haijakauka, ikitikiswa kioo kinaruka. Akaniuliza inakauka lini. Nikasema Jumapili. Alisema gundi gani hiyo, ya kujengea daraja? Lakini aliiacha.

Benson aliona yote. Akavuka barabara, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, akanyanyua kitambaa kwenye benchi. Akasoma majina kwenye utepe, polepole, yote saba.

"Festo," alisema, "hawa wazee wanajua kwamba wako hapa?"

Nikamwambia huu ni mtambo. Akasema kitochi hupokea ujumbe wa kawaida. Eliana anaweza kuandika tangazo moja na kulituma kwa namba zote za kwaya kwa mara moja, wazee na vijana, bila mtambo.

Nikamwambia hiyo ni teknolojia ya zamani.

Akarudi kwake. Wivu ni mzigo mzito kwa mtu mwenye cheti.

Ijumaa, 14 Juni

Umeme umekatika tangu saa nane. Kufikia jioni simu zote saba zimezima, na yangu pia. Kimya cha ajabu. Sijaimba soprano tangu mchana. Basi la Kilimatinde linaondoka kesho saa tatu, nimeshawajulisha wote. Nalala mapema, humu humu kibandani, kama mtu aliyemaliza kazi.

Jumamosi, 15 Juni, Kilimatinde

Naandika nikiwa nimekaa juu ya mifuko ya watu. Nitasema kila kitu.

Umeme ulirudi saa kumi na moja alfajiri. Simu zote saba ziliwaka na kulia pamoja. Jana jioni waandaaji walibadilisha ratiba, sisi tutaimba mapema, kwa hiyo basi linaondoka saa kumi na mbili na nusu. Eliana aliandika kwenye kundi mara tatu. Kila mtu alijibu isipokuwa wazee wangu saba.

Nikawatumia ujumbe. Hakuna aliyejibu. Wazee huzima vitochi wakilala, kutunza chaji. Nikapiga: hazipatikani. Nikaona sura ya Mzee Ezekieli akiwa amevaa, amesimama barabarani saa tatu, basi limekwenda. Kwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja wenzake wamejulishana, yeye yuko nyumbani.

Nikamwamsha jirani mwenye bodaboda. Tukaanza nyumba hadi nyumba.

Kwa Mama Rahabu niligonga, nikasema ni Jirani. Akauliza kwa ndani jirani yupi, wa mashariki au wa magharibi. Nikasema wa kwenye simu. Halafu mlango ukafunguliwa kidogo, akanitazama kwa taa ya kitochi kuanzia miguuni mpaka kichwani.

Mzee Ezekieli alikuwa zizini. Nikamwambia basi linaondoka sasa hivi.

"Jirani haijaniambia," alisema.

"Jirani ni mimi, Mzee."

Akaniangalia. Akauliza aliyekuwa anaimba besi kwenye simu ni nani. Nikasema mimi. Na soprano? Nikasema hata soprano. Aliingia ndani akavaa koti.

Tuliwafikia sita. Wa saba alikuwa Misigiri kwa mwanawe. Mwanawe ana simu janja, yeye akapatikana, na basi likamchukua njiani. Hakuna aliyeachwa. Naomba hilo likumbukwe kabla sijaendelea.

Tulipopita Misigiri, Philipo alisimama katikati ya basi, akamshukuru Mzee Ezekieli mbele ya wote kwa yale maneno mazuri kuhusu ngoma.

"Maneno gani?" aliuliza Mzee.

Philipo akasoma kwenye simu yake. Mzee akatoa kitochi, akasoma alichoandika yeye. Halafu kila mzee akatoa kitochi, kila kijana akatoa simu janja, wakaanza kulinganisha. Kiti kwa kiti. Zikasomwa kura. Mama Rahabu, amevaa kitenge cha njano kuanzia kichwani mpaka miguuni, alimwomba dereva asimamishe gari ili apate kunifikia vizuri. Dereva alikataa, namshukuru. Mzee Ezekieli akahamia Kinyiramba, na Mzee akiacha Kiswahili mambo yameharibika.

Eliana alitazama dirishani. Nilimwambia kura zile nilimpigia kwa nia njema. Alisema, bila kugeuka, kwamba yeye alitaka kushinda, hakutaka kubebeshwa ushindi wa wizi. Sikuelewa vizuri, ila iliniuma.

Kuanzia Singida mpaka Manyoni hakuna aliyesema nami isipokuwa kondakta, aliyeniomba nihamishe mguu.

Lakini nyuma yangu niliwasikia. Mzee alihama kiti, akakaa na Philipo. Akamwambia kwa mdomo wake: ngoma zinaua wimbo. Philipo akauliza kwa nini hakumwambia tangu mwanzo.

"Nilikuambia," alisema Mzee. "Nikatafsiriwa."

Philipo alicheka kwanza. Halafu Mzee akacheka. Philipo akauliza, sasa ule ubeti wa pili vipi? Mzee akasema huo ameshapewa, haurudishi. Wakakubaliana ngoma zinyamaze hapo.

Waliimba saa nne na nusu. Mimi nimeachiwa mifuko nyuma ya basi, sikuona kitu, nilisikia tu. Halafu nikapanda juu ya gurudumu nikaona. Ngoma zilinyamaza. Mzee alisogea mbele hatua moja, akaimba ubeti wa pili peke yake, kwa sauti ya chini, ya taratibu. Kushoto kwake wenzake walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja, ya Mzee Paulo. Sikumsikia hata mtoto kulia pale kilimani. Alipomaliza, watu wa kwaya nyingine ndio walioanza kusimama.

Nimeshuka kwenye gurudumu nikapanga mifuko upya. Ilikuwa imepangwa vizuri, lakini nikaipanga.

Jumapili, 16 Juni

Kikao cha kwaya baada ya ibada. Nilikaa karibu na mlango.

Wameamua: kila tangazo litasomwa kanisani, na Eliana atalituma kwa ujumbe wa kawaida kwa namba zote. Benson aliitwa kumtengenezea orodha. Ilimchukua muda wa kunywa soda moja, na soda yenyewe alipewa na Eliana. Baridi.

Niliomba radhi mbele ya wote. Mama Rahabu alisema amesamehe, ila soprano ile hataisahau mpaka kaburini. Watu walicheka.

Mchana Agnes amechukua simu yake. Gundi imekauka.

Jioni Mzee Ezekieli alipita kibandani. Nilidhani ana la kuongeza. Akakaa kigodani, akazungusha kofia, akasema tangazo la Eliana limefika, linasomeka vizuri. Halafu akasema linamfikia kavu. Akauliza kama naweza kuendelea kumtumia zile nyuso. Hasa ule unaocheka mpaka unalia. Nikasema naweza, Mzee. Akasema basi, ila nisiuongezee chochote.

Jumanne, 18 Juni

Nimekaa nikapima mambo yote kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa moja, nalo ni dogo: sikuwa na betri ya akiba. Umeme usingekatika, mpaka leo wazee saba wangekuwa wanaishi kwa amani kwenye benchi langu. Utaratibu wenyewe hauna tatizo.

Saa tano limesimama lori linalokwenda Singida. Dereva anaitwa Enock. Ana simu mbili. Moja janja, ina kila kitu, ila chaji inakwisha kabla safari haijaisha. Nyingine kitochi, haina kitu, ila inakaa na chaji wiki nzima. Akaniuliza kwa utani kama naweza kuichukua ile chaji ya kitochi nikaihamishia kwenye janja. Alikuwa anacheka.

Mimi sikucheka. Nilizigeuza simu zote mbili mkononi, kama mtu anayeona kitu ambacho dunia haijakiona. Wenye simu janja wangapi wanapita barabara hii kwa siku? Nikamwambia aende akale kwa dada Asnath, asile haraka.

Nimeshazifungua zote mbili. Kwa ndani hazitofautiani sana. Kazi ya nusu saa.